Kifaa cha Kusomea na Mpenzi wa Karatasi: Tathmini ya Mwalimu wa Fasihi Kutoka Garissa

Utangulizi

Suala ninalolijadili katika makala haya limezungumzwa sana katika nchi ambazo kila mtaa una duka la vitabu. Watu wa huko huulizana iwapo kifaa maalumu cha kusomea vitabu pepe kinaweza kumfanya mpenzi wa kitabu cha karatasi aiache karatasi yake. Kampuni ya Amazon ilipotoa kifaa chake cha Kindle mwezi wa Novemba mwaka 2007, akiba ya kwanza ilinunuliwa yote kwa muda wa saa tano na nusu, na wako waliotabiri kwamba siku za karatasi zimehesabiwa. Karatasi ingali nasi, na kifaa nacho kingali nasi. Kwa hiyo mjadala haujafungwa.

Nimeona vyema tuulete mjadala huu hapa kwetu Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla, kwa sababu mbili. Kwanza, sisi walimu wa Kiswahili ndio tunaoulizwa ushauri wakati mfadhili anapotaka kuisaidia shule: je, alete makasha ya vitabu au alete vifaa? Jibu la haraka linaweza kuigharimu shule kwa miaka mingi. Pili, mjadala wenyewe umefanywa na watu wa vyombo vya umeme na watu wa biashara, ilhali mhakiki wa fasihi hajasikika sana. Nami nadhani mhakiki ana zana za kukipima kifaa hiki. Tunapohakiki kazi ya fasihi huwa tunatazama fani, tunatazama maudhui, kisha tunatazama muktadha. Hatua hizo hizo ndizo nitakazozifuata.

Msimamo wangu nautanguliza ili usiwe na haja ya kuutafuta. Naamini kwamba kifaa hakitamshinda mpenzi wa karatasi, na wala hakina sababu ya kushindana naye. Kwetu hapa tatizo si kwamba wapenzi wa karatasi ni wengi mno. Tatizo ni kwamba mpenzi wa kitabu hajazaliwa bado, kwa kuwa hajapata vitabu vya kutosha kumzalisha.

Kifaa chenyewe

Si kila msomaji wa jarida hili amekishika kifaa hiki, kwa hivyo ni vyema tuelewane. Kifaa ninachokizungumzia si rununu wala si kishikwambi. Ni ubao mwembamba wenye ukubwa unaokaribia ule wa daftari dogo, na kazi yake karibu yote ni kusomewa. Kioo chake hutumia wino wa elektroniki, yaani chembe ndogo nyeusi na nyeupe ambazo husogezwa kwa umeme hadi zikaunda herufi. Herufi zikishatulia hazihitaji umeme tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana betri yake hukaa kwa wiki kadhaa bila kuchajiwa. Aidha, kioo hicho hakimulikii macho kama cha rununu. Husomeka kwa mwanga unaokiangukia, kama karatasi inavyosomeka, na kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo maandishi yanavyoonekana wazi.

Teknolojia hii ilianza kuundwa Marekani katika miaka ya 1990, na kampuni ya Sony ya Japani ikatoa kifaa cha aina hiyo mwaka 2004, kabla ya Kindle. Kifaa kimoja huweza kuhifadhi maelfu ya vitabu. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo riwaya ya Kiswahili isiyo kitabu teule haipatikani kwa urahisi, hilo si jambo dogo.

Mpenzi wa karatasi anapenda nini?

Watu husema kwamba mpenzi wa karatasi hupenda harufu ya kitabu na mguso wa kurasa. Hilo ni kweli, lakini ni juujuu. Katika fasihi ya Kiswahili karatasi ina historia ndefu kuliko harufu yake. Jirani zetu wa kusini mashariki ni Lamu na Pate, ambako mwaka 1728 uliandikwa Utendi wa Tambuka kwa hati za Kiarabu. Watunzi wengi wa tenzi za kale walikuwa na desturi ya kuanza kwa kuagiza wino na karatasi. Mwana Kupona naye, katika utendi alioutungia binti yake mnamo mwaka 1858, alimtaka mtoto akae karibu ashike vifaa hivyo vya kuandikia kabla ya kumpa mawaidha. Karatasi hapo ni dhamana. Mama alijua kuwa siku zake si nyingi, akataka neno lake libaki mahali ambapo binti ataweza kulirudia.

Upande wetu wa bara tuna mfano mwingine. Mtoto wa Kisomali anapoanza duksi hupewa ubao wa mti unaoitwa loox. Aya za Kurani huandikwa juu yake kwa wino wa makaa, naye huzisoma hadi zimkae kichwani. Akishahifadhi, ubao huoshwa, na somo jipya huandikwa pale pale. Ukifikiri, loox ni kifaa cha kusomea: kimoja kwa kila mwanafunzi, na maandishi yake hubadilishwa. Hata hivyo, ubao huo haukuiondoa misahafu ya karatasi nyumbani. Kila kimoja kina kazi yake. Ubao ni wa kujifunzia, msahafu ni wa kuwekwa na kurithishwa. Tukilielewa hilo hatutashangaa kwamba mtu anaweza kukipenda kifaa kipya na bado akahifadhi kitabu chake juu ya rafu.

Kwa hiyo mpenzi wa karatasi, nionavyo mimi, anapenda mambo matatu: kulijua umbo la kazi anayoisoma, kuitia alama yake, na kuwa na uwezo wa kuimiliki na kumwazima mwenzake. Na tukipime kifaa kwa mambo hayo matatu.

Fani: umbo la kazi kwenye kioo

Jambo la kwanza ni umbo, na hapa ndipo mwalimu wa fasihi anapopaswa kuwa macho zaidi. Kitabu pepe cha kawaida hakina ukurasa uliotulia. Msomaji akiongeza ukubwa wa herufi, maneno hujipanga upya ili yaenee kwenye kioo. Kwa nathari, jambo hilo halina madhara makubwa. Kwa ushairi, linaweza kuharibu kazi.

Chukua shairi la tarbia la kawaida. Ubeti una mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mizani minane. Mshororo mzima una mizani kumi na sita. Kwenye karatasi tunaona ukwapi upande huu na utao upande ule, na vina vya kati vimesimama katika safu moja toka juu hadi chini. Kwenye kioo kidogo chenye herufi kubwa, mshororo huo haukai. Hukatika, na neno moja au mawili hushuka chini. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayejifunza umbo kwa mara ya kwanza atahesabu mistari minane pale penye mishororo minne. Utamwambia nini kuhusu vina vya kati, iwapo kina chenyewe kimeangukia mwanzoni mwa mstari?

Utenzi, kwa upande mwingine, hukaa vizuri ajabu. Mshororo wake una kipande kimoja tu cha mizani minane, na hata kioo chembamba huutosha. Kwa bahati njema basi, bahari ya kale katika ushairi wetu ndiyo inayokipenda kifaa kipya. Tarbia na takhmisa zinakisumbua. Wachapishaji wakitaka kuuza diwani katika umbo hili, wana wajibu wa kuupanga ubeti ili mshororo unaokatika uingizwe ndani kidogo, mwanafunzi ajue kuwa ni muendelezo wa ule wa juu. Wakitoa picha tu ya ukurasa uliochapishwa, umbo litabaki salama lakini herufi zitakuwa ndogo kama chungu, na msomaji atalazimika kukivuta kioo huku na huko.

Tamthilia nayo ina matatizo yake. Jina la mhusika, maneno yake, na maelekezo ya jukwaani yaliyo katika mabano hutofautishwa kwa mpangilio wa ukurasa na aina ya herufi. Kitabu pepe kilichotengenezwa kwa haraka huvichanganya, na mwanafunzi husoma maelekezo ya jukwaani kana kwamba ni maneno ya mhusika.

Riwaya ndiyo iliyo salama zaidi, ingawa nayo ina jambo. Wewe unajua jinsi tunavyofundisha dondoo. Mtahini hutoa maneno mawili matatu kutoka katika kitabu teule na kumtaka mwanafunzi aeleze muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini. Mwanafunzi hodari hulikumbuka dondoo kwa mahali. Atakwambia, “Mwalimu, hii ilikuwa upande wa kushoto, juu, karibu na mwisho wa sura.” Unene wa kurasa zilizobaki katika mkono wake wa kulia umemwambia yuko wapi katika hadithi. Kifaa humpa asilimia badala ya unene. Ni habari ile ile, lakini mkono hauihisi.

Mawazo haya si ya kukisia tu. Mwaka 2019 ilichapishwa tafiti ya Anne Mangen na wenzake, ambapo watu 50 walisoma hadithi moja ya upelelezi yenye kurasa 28, nusu yao kwenye kijitabu cha karatasi na nusu kwenye Kindle. Katika maswali mengi makundi hayo mawili yalilingana. Tofauti ilijitokeza walipotakiwa kuyapanga matukio ya hadithi kwa mfuatano wake, na waliosoma karatasi wakafanya vizuri zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Pablo Delgado na wenzake walizikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waligundua kwamba watu huelewa zaidi wanaposoma kwenye karatasi, hasa wakisoma matini za maelezo na wakiwa wamewekewa muda. Katika hadithi peke yake hawakuona tofauti. Ni lazima niseme pia kwamba tafiti nyingi kati ya hizo zilihusu vioo vya tarakilishi, wala si vya wino wa elektroniki. Hata hivyo, matini ya maelezo inayosomwa kwa muda uliowekwa ni nini, ikiwa si mtihani? Mwalimu wa mtahiniwa hawezi kuyapuuza matokeo hayo. Mwalimu anayetaka tu mtoto aipende hadithi hana la kuogopa.

Alama ya msomaji

Jambo la pili ni alama. Fungua nakala yoyote ya kitabu teule iliyopita katika mikono ya wanafunzi watatu au wanne wa Garissa. Pambizoni utakuta penseli. Kuna mistari chini ya methali, kuna majina ya tamathali, na zaidi ya yote kuna maneno ya Kisomali yaliyoandikwa kwa herufi ndogo juu ya maneno ya Kiswahili. Mwanafunzi wa kwanza aliulizia maana, akaiandika, na wa pili akairithi. Nimewahi kuona nakala ya Kidagaa Kimemwozea iliyokuwa na tafsiri hizo katika kurasa zake zote za mwanzo, kwa miandiko mitatu tofauti. Kitabu hicho kilikuwa kimekuwa kamusi ya Kiswahili na Kisomali ambayo hakuna mchapishaji aliyeitoa.

Watengenezaji wa kifaa watakujibu kwamba nacho kina uwezo wa kupiga mstari na kuandika dokezo. Ni kweli. Vilevile kina kamusi ndani yake: ukiligusa neno, maana hutokea. Lakini kamusi hizo ni za Kiingereza na lugha nyingine za masoko makubwa, na Kiswahili hakimo miongoni mwa zile zinazokuja na Kindle. Kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, kamusi ndiyo ingekuwa zawadi kubwa kuliko zote za kifaa hiki. Fikiria mtoto wa Modogashe anayeligusa neno gumu katika Chozi la Heri na kupata maana yake papo hapo, kwa Kiswahili chepesi na kwa Kisomali. Siku hiyo ikifika, nami nitakuwa wa kwanza kukitetea kifaa mbele ya bodi ya shule.

Kuhusu urithi wa alama, karatasi ingali mbele. Dokezo la kwenye kifaa huambatana na mwenye akaunti. Nakala haiachi nyuma mwandiko wa kaka kwa mdogo wake.

Kumiliki na kuazima

Jambo la tatu ni milki. Mwezi wa Julai mwaka 2009 wasomaji fulani wa Marekani walifungua Kindle zao wakakuta vitabu viwili vya George Orwell vimetoweka. Kampuni ya Amazon ilikuwa imegundua kwamba aliyeviuza hakuwa na haki ya kufanya hivyo, ikavifuta kutoka mbali na kuwarudishia watu fedha zao. Mkuu wa kampuni aliomba radhi baadaye. Kimoja cha vitabu hivyo ni kile ambacho sisi tunakijua kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, yaani hadithi ya watawala wanaoibadilisha sheria ukutani usiku watu wamelala. Huhitaji kuwa mhakiki mkubwa ili uione kinaya iliyomo. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft nayo ililifunga duka lake la vitabu pepe, na vitabu ambavyo watu walikuwa wamenunua vikaacha kufunguka, ingawa walirudishiwa fedha.

Somo ni hili: mara nyingi mnunuzi wa kitabu pepe hununua ruhusa ya kusoma, hanunui kitabu. Nakala ya Shamba la Wanyama iliyo katika kabati ya shule hakuna awezaye kuifuta akiwa Seattle. Mchwa ataila, mafuriko ya Tana yataichukua, lakini hizo ni hatari ambazo tunazijua na tunaweza kukabiliana nazo.

Suala la kuazima linatuhusu zaidi sisi wa eneo hili. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ilianzisha kutoka Garissa maktaba inayosafirishwa kwa ngamia, ikiwa na ngamia watatu, na baadaye Wajir ikaingizwa. Mmoja alibeba makasha ya vitabu, mwingine hema, na wa tatu mahitaji mengine ya msafara. Magari hayakuweza kuzifikia jamii za wafugaji kwenye mchanga, ngamia aliweza. Sifa za maktaba hiyo zilienea ulimwenguni, hata mwandishi Masha Hamilton wa Marekani akaiandikia riwaya mwaka 2007. Wageni waliona ajabu ya ngamia. Mimi naona zaidi ajabu ya kuazimana. Kitabu kimoja kilikaa katika manyata kwa siku kadhaa, kikasomwa na mtoto wa shule, kikasomwa na dada yake, kikatazamwa picha na wadogo, ndipo kikarudi. Kwa hesabu ya vitabu, mtu atasema kwamba kifaa kimoja kingebeba mzigo wote wa ngamia na kubaki na nafasi. Ni kweli. Lakini makasha mawili ya vitabu husomwa na watu mia kwa wakati mmoja. Kifaa chenye vitabu elfu husomwa na mtu mmoja.

Muktadha: joto, vumbi na umeme

Kazi ya fasihi haihakikiwi nje ya muktadha wake, na kifaa nacho ni hivyo hivyo. Kwa mujibu wa viwango vya watengenezaji wake, Kindle imekusudiwa kutumiwa katika joto la kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Mwalimu mwenzangu wa Garissa, unajua darasa letu la mabati linafika wapi mchana wa mwezi wa Machi. Karatasi huvumilia.

Kuhusu udhaifu wa kifaa, tuna ushahidi kutoka Afrika yenyewe. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilifanya majaribio ya Kindle katika shule za Ghana, na katika mwaka wa kwanza takriban vifaa vinne katika kila kumi viliharibika. Shirika hilo lilitafuta vifuniko imara na kuwafundisha wanafunzi namna ya kuvitunza. Pia lilikiri wazi tatizo hilo katika ripoti, jambo ambalo linastahili pongezi. Shirika lilikuja Kenya mwaka 2011, likaanzia Kilgoris, na katika miaka iliyofuata lilishirikiana na Huduma ya Maktaba za Taifa kupeleka vifaa katika maktaba za umma. Baadaye liliweka nguvu zake zaidi kwenye rununu.

Umeme, kinyume na watu wanavyodhani, si kikwazo kikubwa kwa kifaa hiki. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa chenye uwezo wa megawati zaidi ya 50 kilizinduliwa mwezi wa Desemba mwaka 2019, lakini hata shule isiyofikiwa na nyaya inaweza kukichaji kifaa kwa paneli ndogo mara moja kwa wiki mbili. Kishikwambi hakiwezi hivyo. Jua letu kali, ambalo huifanya rununu isionekane nje, hukinufaisha kioo cha wino wa elektroniki. Chini ya mgunga ulio uwanjani, kifaa husomeka vizuri kama kitabu.

Hoja za kifaa

Nisije nikaonekana kuwa wakili wa karatasi. Kifaa kina hoja tatu nzito, na haki ni kuzitaja.

Hoja ya kwanza ni wingi wa vitabu. Mwanafunzi wetu wa kawaida humaliza kidato cha nne akiwa amesoma riwaya moja ya Kiswahili, tamthilia moja na mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi. Mara nyingine husoma mwongozo badala ya kitabu chenyewe. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na hilo limesaidia. Lakini kitabu cha ziada, kile ambacho hakitahiniwi na husomwa kwa raha tu, hakuna anayekileta. Kifaa kinaweza kukileta. Tatizo ni maudhui. Kazi nyingi za Kiswahili zilizochapishwa katika miaka ya 1970 na 1980 hazijawekwa katika umbo la kidijitali. Mfadhili akileta vifaa vilivyojaa hadithi za Kiingereza na vitabu vichache vya watoto vya Kiswahili, hajaleta maktaba ya fasihi ya Kiswahili.

Hoja ya pili ni utulivu. Rununu hukatazwa katika shule zetu za bweni, na kwa sababu nzuri. Kifaa maalumu hakipigi simu wala hakileti ujumbe kila dakika. Anayekishika hana la kufanya ila kusoma. Upungufu huo, ambao wafanyabiashara waliuona kuwa udhaifu wakati vishikwambi vilipoingia sokoni, kwa mwalimu ni sifa.

Hoja ya tatu ni macho. Mwanafunzi asiyeona vizuri, na ambaye mzazi wake hajaweza kumnunulia miwani, huongeza ukubwa wa herufi akasoma. Karatasi haina jibu kwa mwanafunzi huyo.

Kifaa na mwalimu

Kuna jambo moja zaidi ambalo katika eneo hili hatuwezi kuliruka. Mnamo tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, walimu wakiwa miongoni mwao. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwezi wa Januari mwaka 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakaondolewa. Shule nyingi zilibaki na walimu wachache mno, na somo la Kiswahili likawa miongoni mwa yaliyoumia, kwa kuwa wengi wa waliolifundisha walikuwa wametoka sehemu nyingine za nchi.

Katika hali kama hiyo hutokea mtu mwenye nia njema akasema: basi tuwape watoto vifaa, wajisomee. Nakuomba, msomaji, ulitazame pendekezo hilo kwa makini. Kifaa kinaweza kumpa mtoto maneno ya riwaya. Hakiwezi kumuuliza kwa nini mhusika alinyamaza pale alipotarajiwa kusema. Hakiwezi kusikia kwamba amesoma kejeli akaichukulia kuwa sifa. Kasoro hiyo si ya kifaa peke yake, maana kitabu cha karatasi nacho hakiulizi swali. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewahi kupendekeza kasha la vitabu lichukue nafasi ya mwalimu, ilhali vyombo vya umeme hupendekezwa hivyo mara kwa mara. Uhaba wa walimu utatuliwe kwa walimu, na kwanza kabisa kwa kuwafunza vijana wa eneo hili lenyewe kufundisha Kiswahili.

Hitimisho na mapendekezo

Katika makala haya nimejaribu kuonyesha kwamba swali la nani atashinda, kifaa au karatasi, halitufai jinsi lilivyoulizwa kwingine. Kwa umbo, karatasi inaufaa ushairi wa tarbia na mazoezi ya dondoo, na kifaa kinaufaa utenzi na hadithi ndefu. Kwa alama, karatasi inamwachia mdogo mwandiko wa kaka yake. Kwa milki na kuazimana, karatasi imetangulia mbali. Kwa wingi wa vitabu, utulivu na macho, kifaa kinaongoza.

Basi ukiulizwa ushauri, mwalimu mwenzangu, napendekeza ujibu hivi. Vitabu teule na diwani za mashairi viletwe kwa karatasi, nakala moja kwa kila mwanafunzi, naye aruhusiwe kuandika pambizoni kwa penseli. Vifaa, vikiletwa, viwe vichache na viwekwe katika maktaba ya shule kwa ajili ya usomaji wa ziada, na viazimwe kama vitabu vingine. Kabla ya kuvipokea, uliza orodha ya vitabu vilivyomo, na uhesabu vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa ajili ya vijana na watu wazima. Uliza pia kama vitabu hivyo vitaendelea kufunguka mfadhili akiondoka. Asipoweza kukujibu, mwombe fedha hizo zinunue karatasi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliwahi kusoma riwaya nzima kwenye kifaa tulichoachiwa na mgeni shuleni, kisha akanijia ofisini. Nilitarajia aniombe riwaya nyingine ya kwenye kifaa. Aliniuliza kama riwaya ile ile ipo kwa karatasi, kwa sababu alitaka kumpelekea dada yake Balambala.